Valvu Iliyochoka

Hebu nianze na swali, ndugu msomaji, halafu tugombane baadaye. Mtu akikuletea kitu chake kilichoharibika, ukakitengeneza kikawa sahihi kabisa, kisha akakwambia kwamba alikipenda kilivyokuwa kabla hujakisahihisha, haki iko kwa nani? Usikimbilie kusema "kwa mwenye mali". Jibu hilo hata mimi ninalo, lakini nimelipata baada ya jioni kadhaa za kubishana na mtu ninayemheshimu, na bado sina hakika kama limemaliza kesi.

Kesi yenyewe ni ya valvu. Najua wengi wenu hamjaiona valvu kwa macho, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Valvu ni kichupa cha kioo kilichonyonywa hewa yote. Ndani yake kuna kijiwaya kinachowaka kama kaa, nacho huipasha moto kathodi. Kathodi ikishapata moto hutema elektroni, na hizo huvutwa na bati la nje liitwalo anodi, lenye umeme wa volti 250 hivi. Katikati umewekwa wavu mwembamba, gridi, na kazi yake ni ya bawabu: huwaachia hawa, huwazuia wale. Sauti ndogo kutoka kwenye sindano ya santuri ikifika kwenye gridi, mkondo mkubwa wa umeme unacheza kwa kuifuata, na spika inalia. Basi, siri ni hiyo tu.

Kabla transista hazijaenea, kila redio ilikuwa hivyo. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, waliosikiliza walisikiliza kwa valvu. Huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, mwaka 1949 ililetwa redio ya betri ya bei nafuu kwa Waafrika, nayo ilikuwa na valvu ndani ya bakuli la bati lililofanana na sufuria hasa. Sufuria linaimba! Nadhani hakuna mwandishi kati yetu angethubutu kubuni kitu kama hicho.

Valvu ina tabia moja ambayo transista haina kwa kiasi hicho. Inachoka. Utando ulioko juu ya kathodi unaishiwa nguvu pole pole, elektroni zinapungua, sauti inapoteza ukali, besi inalegea. Haifi ghafla. Inazeeka nawe ukiwa umeketi mbele yake, usijue.

Ikichoka, unaichomoa na kuweka nyingine. Na hapo ndipo biashara inapoanza, kwa sababu valvu bado zinatengenezwa. Ziko za Slovakia, ziko za Urusi kutoka mji wa Saratov, ziko za China. Tena ziko za zamani ambazo hazijawahi kutumika, za Mullard wa Uingereza kwa mfano, na hizo matajiri wa Ulaya na Marekani huzinunua kwa mshiko ambao hapa kwetu ungelipa ada ya shule. Machi 2022, Urusi ilipozuia bidhaa zake kadhaa zisitoke nje kufuatia vita vya Ukraine, wapiga gitaa wa huko walizikimbilia valvu za madukani kama sisi tulivyokuwa tukiikimbilia sukari ya mgawo.

Kila muuzaji atakwambia ya kwake ina sauti tamu zaidi. Mimi huwa nauliza: tamu kwa sikio gani? Kubadilisha valvu si kama kubadilisha shati. Unazima mashine, unasubiri kichupa kipoe kisikuunguze vidole, unachomoa, unachomeka, unawasha, unasubiri kathodi ipate moto. Hadi hapo sikio limekwisha kusahau lilichosikia mwanzo, na kilichobaki kukumbukwa ni bei. Sikio lililolipa haliwezi kukiri kwamba halikusikia kitu.

Tulilijaribu jambo hili mimi na fundi ninayejifunza kwake hapa Lushoto. Kibanda chake hakiko mbali na stendi, katikati ya muuza plamsi na muuza vocha. Tulimgeuza rafiki yangu mmoja uso ukutani, tukampigia wimbo ule ule kwa valvu ya Kislovakia, ya Kirusi, na ya Kiingereza ya zamani, zote zikiwa nzima. Alibahatisha tu. Mara aliisifu ya Kirusi akidhani ni ya Kiingereza, mara alisema tumebadilisha na kumbe hatukugusa kitu. Lakini tulipochomeka valvu iliyochoka aligeuka mwenyewe: "Hii ni nyingine." Tukarudia, akaijua tena. Kwa mtazamo wangu, basi, ngano za chapa hii na chapa ile zina chumvi nyingi, ila tofauti ya mpya na iliyochoka ipo kweli. Lishike hilo, maana bila hilo mzee ninayekuja kumtaja angeonekana ana ndoto za uzee.

Mzee huyu alishuka kutoka upande wa Mlalo na radiogramu la Kijerumani lililofungwa blanketi nyuma ya pikapu. Kabati la mbao linalong'aa, redio juu, santuri ndani, na valvu moja ya nguvu aina ya EL84, kichupa kisichozidi kidole gumba kwa unene. Alilinunua miaka ya 1960 kwa mwalimu mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Sahani zake alizileta kwenye sanduku la viatu: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, taarabu za Tanga. Shida ilikuwa kwamba gramu linavuma, sauti imekuwa ya kukwaruza, na nyuma kunawaka chekundu pasipostahili kuwaka.

Fundi aliliwasha kwa dakika mbili tu, akapima, akalizima haraka. Kwenye kathodi ya EL84 katika redio kama ile mtu anatarajia volti 7 na kidogo. Yeye alisoma 13. Anodi ilikuwa imeiva.

Mtu asiyejua angesema valvu mbovu, weka mpya. Na mpya ingeungua vile vile. Kosa lilikuwa nyuma yake, kwenye kapasita ya karatasi na nta inayoipelekea gridi sauti huku ikiuzuia umeme mkali usipite. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari. Ukungu wa Juni na Julai mnaujua wenyewe, unaingia hadi kwenye unga. Unyevu ukishapenya ile nta miaka nenda rudi, kapasita inaanza kuvujisha, bawabu anapewa rushwa, na elektroni zinapita zote bila kuulizwa. EL84 imepangiwa kubeba wati 12 kwenye anodi na si zaidi, na wenye redio wengi waliitumia ukingoni kabisa mwa kiwango hicho. Haina akiba. Ikizidishiwa, inawaka nyekundu, na ikiachwa hivyo inaweza kuondoka na transfoma.

Basi fundi alibadili kapasita zote za karatasi, akaweka na zile kubwa za kuchuja umeme, akahamisha kichagua volti kutoka 220 kwenda 240, maana umeme wetu ni wa 230 na ukiamua kucheza hupanda zaidi. Kisha akachomeka EL84 mpya ya Kislovakia, moja ya mbili ambazo mjukuu wa mzee, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa ameziagiza na kuzilipia. Akaweka sahani ya Atomic.

Jamani, lililia! Gitaa la besi ulilifuata kidole kwa kidole. Muuza plamsi aliacha wateja.

Mzee alisikiliza wimbo mzima, kofia mkononi. Akasema, "Mmefanya kazi nzuri sana, Mungu awabariki. Lakini siyo yeye."

Hakusema "siyo yenyewe". Alisema "siyo yeye", kama mtu aliyepelekwa kutambua ndugu. Akaomba arudishiwe valvu yake ya zamani.

Fundi alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha aliichomeka, pengine ili mzee asikie mwenyewe ubaya wake. Sasa kapasita ilikuwa nzima, kwa hiyo anodi haikuiva. Tuliiacha iwake zaidi ya nusu saa huku tukipima. Kathodi ilitulia kwenye volti 5, haipandi. Maana yake ni valvu iliyochoka lakini siyo ya hatari. Sauti ilikuwa ya chini, imefunikwa, kama mtu anaimba ndani ya nyumba nawe uko uani. Mzee alitingisha kichwa: "Ndiyo hiyo."

Kabla sijafika kwenye ubishi, nieleze kwa nini sikuona kwamba fundi amekosea. Hoja yake ilikuwa nzito. "Sikiliza," aliniambia jioni, "ukiniomba kazi mbaya nikakufanyia, bado ni kazi mbaya. Kesho mtu atapita kwa yule mzee, atasikia gramu linanong'ona, atauliza nani kakutengenezea. Litatajwa jina langu au lako?" Hapo hakuwa anazungumzia kiburi. Mji mdogo huu, jina ndilo duka. Halafu akaongeza lililonipiga zaidi: "Yule mwimbaji aliimba kwa nguvu zake zote mbele ya maikrofoni. Sisi ni nani wa kumfunika mdomo?"

Kule kwa mabingwa wa vyombo hivi, neno kubwa tangu zamani ni uaminifu. Mwaka 1945 Mwingereza mmoja, Leak, alileta sokoni kikuza sauti alichokiita "Point One", kwa maana kwamba upotoshaji wake haukuzidi sehemu moja katika elfu. Ndiyo ilikuwa fahari: chombo kisitie neno la kwake. Ukilinganisha, EL84 ikifanya kazi peke yake hadi mwisho wa nguvu zake, wati 5.7 kwa mujibu wa jedwali la watengenezaji, upotoshaji hufika asilimia 10. Valvu moja, bwana wee, inatia chumvi waziwazi. Ajabu ni kwamba sehemu ya chumvi hiyo huwa inalingana na wimbo wenyewe, oktava moja juu, ndiyo maana sikio linaita utamu kile ambacho mita inaita kosa. Kwa hiyo hata ile valvu mpya ya fundi haikuwa shahidi msafi. Hilo nilimwambia. Akajibu, "Chumvi ya kiasi na chumvi ya kumwaga siyo moja." Kweli.

Mjukuu naye alikuwa na dawa yake. Alipiga simu, akamwamkia fundi vizuri tu, kisha akasema: mwekee babu ile mpya, mwambie ni ya zamani, punguza sauti kidogo, hatajua. Alikuwa anampenda babu yake, msimhukumu. Ametoa fedha zake, ameagiza kitu kutoka Ulaya, anataka mzee asikie vizuri kabla masikio hayajafunga. Na wapo watu wazima wenye heshima zao wanaosema uongo wa kusuluhisha haumtii mtu hatiani.

Mimi uongo huo siuwezi, na sababu yangu siyo kwamba mzee angegundua. Tuseme asingegundua. Angekaa jioni na gramu lake, akatafuta kitu kilichokuwepo, asikione, na kwa kuwa ameambiwa valvu ni ile ile angejilaumu mwenyewe. Angesema masikio yangu yamekwisha, au, vibaya zaidi, kumbukumbu yangu ilikuwa ya uongo. Anayedanganywa namna hiyo anavuliwa ushahidi wake, na kwa umri ule ushahidi ndiyo mali iliyobaki. Kwa mjukuu ingekuwa zawadi. Mimi naiita wizi mpole.

Sasa uko hoi, utaniambia: kama ni ushahidi, si valvu mpya ndiyo iliyo karibu na ukweli? Gramu lile lilipokuwa jipya lililia hivyo hivyo, kwa uwazi. Fundi amelirudisha kwenye asili yake. Mzee ndiye aliyeisahau asili.

Swali hilo lilinisumbua, nikamuuliza mwenyewe. Nilimwamkia, nikamwambia, "Babu, kwani wakati mnalinunua halikuwa na sauti kali kama ile ya juzi?"

Alicheka. Akasema lilikuwa nayo. Tena valvu ile haikuwa ya kwanza, iliwekwa miaka ya 1980 na fundi mmoja wa Tanga, na siku ilipowekwa mke wake alilalamika wiki nzima kwamba gramu linapiga kelele kama mnadani. "Baadaye likazoea," alisema. "Tukazoea wote." Mke wake alifariki 2011. Miaka ile ya mwisho, Jumapili jioni, walikuwa wanakaa na sauti ile iliyofunikwa, hakuna aliyejua kwamba imefunikwa.

"Hata hii mpya itazoea, babu," nilisema.

"Itazoea. Lakini mimi sina miaka ya kuisubiri."

Wanafalsafa wana kisa cha merikebu ya Theseus iliyobadilishwa mbao moja moja hadi haikubaki hata moja ya mwanzo, nasi tuna shoka la babu lenye mpini wa tatu na bapa la pili. Huwa wanauliza: je, bado ni kile kile? Naona kisa hicho hakitusaidii hapa. Kinadhani kwamba asili iko mwanzoni, na kila badiliko linatupeleka mbali nayo. Mzee wa Mlalo asili yake haiko mwanzoni. Iko mwishoni, kwenye miaka ambayo kitu na watu vilikuwa vimechakaa kwa mwendo mmoja. Yeye ni mwaminifu kwa jambo jingine kuliko fundi. Fundi ni mwaminifu kwa mwimbaji. Mzee ni mwaminifu kwa chumba.

Na hapa nawageukia nyinyi mnaoandika, kwa sababu sisi nasi ni mafundi wa aina hii. Tunakwenda vijijini na vinasa sauti, tunawaomba bibi zetu hadithi ya Mbegha, mwindaji aliyekuja Usambara kutoka Ngulu akawa mfalme. Bibi anasimulia kwa namna yake, anaruka, anarudia, anachanganya Kisambaa na Kiswahili. Tukifika nyumbani tunanyoosha. Tunachungulia "Habari za Wakilindi" ya Abdallah bin Hemedi, kazi iliyochapwa kwa sehemu huko Magila kuanzia miaka ya 1890, na pale bibi alipotofautiana na kitabu tunamsahihisha. Naye Abdallah alikuwa mtu wa pwani, alisikia kwa watu, akaandika alivyosikia. Kitabu nacho ni sikio. Sisemi tusichunguze. Nasema ukimnyoosha bibi, andika kwamba umemnyoosha, na ile kaseti usiifute.

Narudi kwenye kibanda. Nilimwambia fundi msimamo wangu hivi: lile la kapasita halikuwa na mjadala. Kama mzee angetaka arudishiwe ile inayovuja kwa sababu ya kumbukumbu, tungekataa, maana moto ukiwaka hauchomi kumbukumbu yake peke yake, nyumba ina watoto. Ila valvu haimdhuru mtu. Inapunguza tu. Na mtu mzima ana haki ya kuchagua kupunguziwa, mradi ameambiwa wazi anapunguziwa nini. Fundi alisema hoja yangu ni ya mtu asiye na kibanda. Nilikubali kwamba sina kibanda. Akaniuliza, "Na yule mwimbaji?" Nikasema mwimbaji ana sahani nyingine kwenye nyumba nyingine. Hakuridhika na jibu hilo, na nikisema kweli, hata mimi linanilegea kila nikilirudia.

Mwisho aliichomeka valvu ya zamani. Alifanya hivyo akiwa amenuna, lakini alifanya kwa mikono safi, akasugua na miguu yake tisa isiwe na kutu. Zile mbili mpya alizifunga kwenye soksi, akazitundika ndani ya kabati la gramu kwa uzi, pamoja na karatasi yenye mchoro wa soketi ili fundi yeyote ajaye azikute. Kisha akatoa kitabu cha risiti, akaandika kwa herufi kubwa: VALVU YA ZAMANI IMERUDISHWA KWA MATAKWA YA MWENYE MALI. Akamtaka mzee atie sahihi.

Mzee alivaa miwani, akaisoma yote, akaomba kalamu. Kabla ya kutia sahihi alifuta neno "zamani", akaandika juu yake "yangu". Fundi alitaka kubisha, maana nakala ya chini ilikuwa imekwisha kuchafuka, lakini pikapu ilikuwa inapiga honi, na mvua ilikuwa inashuka kutoka Magamba.